Jino Zima la Radi

Nyumbani kwetu kila maumivu yalikuwa na mwenyewe. Ukisema bega linakuuma, hakuna aliyekuuliza umelalia vibaya au umebeba nini. Swali lilikuwa moja tu: nani kakupiga? Baba alikuwa bondia, kaka yangu akawa bondia kisha kocha, na mimi nimekulia kwenye kona ya jimu nikishona magunia ya mazoezi kwa shazia na uzi wa nailoni. Hata mafua kwetu yalitafutiwa mtu wa kulaumiwa. Tulikuwa familia ya wagomvi, na silisemi hilo kwa haya, kwa sababu mimi mwenyewe mdomo wangu hauna breki.

Kwa hiyo baba alipofariki, ilibidi naye apatikane aliyemuua.

Watu walimwita Radi. Pambano lake la mwisho alicheza na fundi mmoja wa kujenga, mtu mpole kabisa nje ya ulingo, aliyejulikana kwa jina la Mwashi. Mwashi alimfikishia baba ngumi moja ya kifua, nzito, mlio wake ukasikika mpaka viti vya nyuma. Baba alimaliza raundi zote kwa miguu yake, akashinda kwa pointi, akarudi nyumbani akala. Siku chache baadaye, asubuhi, alikuwa ameinama anafunga kamba za viatu. Akainuka, akashika kifua, akamwambia mama anahisi kama kuna mtu amemkalia hapa. Jasho lilimtoka mpaka shati likamganda mgongoni. Alianguka kwenye mapaja ya mama na hakuamka tena. Mtaa mzima ukasema ngumi ya Mwashi ilisafiri ndani kwa ndani hadi ikafika moyoni. Hilo neno, ilisafiri, nimelisikia mara nyingi kuliko jina langu.

Kaka wakati huo alikuwa kijana, damu inamchemka. Siku ya mazishi, kaburi bado udongo mbichi, aliongoza kundi la watu wa jimu mpaka kwa Mwashi. Walimburuta nje mbele ya mkewe, wakamlaza juu ya rundo la tofali, wawili wakamkalia miguu. Kaka alichukua nyundo ya Mwashi mwenyewe, ile ya kazi, akamponda nayo mkono wa kulia. Alipiga mpaka vidole havikujulikana kipi ni kipi. Halafu wakachoma paa. Waliosimulia walisema Mwashi hakuomba aachwe hata mara moja, alilia tu, na wao wakaona huo ndio ushahidi kwamba anajua alichokifanya. Polisi walikuja, wakakuta mtaa mzima haukuona kitu. Mwashi akahama na mkewe na mtoto wao mchanga.

Baba alituachia jino. Ni gego, la chini upande wa kushoto. Kabla ya lile pambano alikuwa akilalamika linamuuma, maumivu yanakuja na kuondoka, hasa akipanda ngazi au akikimbia asubuhi. Akaenda kuling'oa. Mng'oaji akamwambia, mzee, hili jino ni zima, halina hata tundu. Baba akasema ng'oa. Mama akalihifadhi kwenye kitambaa, na baba alipofariki kaka alilitoboa, akalitia kamba, akalivaa shingoni. Kila mgeni wa jimu alionyeshwa. Tazama gego la Radi, halina hata doa. Tulilionea fahari lile jino kama wengine wanavyoonea fahari mkanda wa ubingwa. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kujiuliza mtu mwenye akili zake timamu anang'oaje jino zima.

Basi, miaka ikaenda. Kaka akawa Kocha, jina lake la kuzaliwa tukalisahau hata sisi. Akapita umri aliofia baba, akaota kitambi, akawa na presha. Dawa alipewa. Alizimeza kwa muda akaziacha, akasema zinamlegeza miguu, na mtu wa ngumi hawezi kulegezwa miguu. Sigara alivuta moja kabla ya mazoezi, moja baada ya mazoezi, na katikati akatafuta sababu ya kutoka nje. Chumvi alimwaga juu ya chakula kabla hata hajaonja. Wifi yangu, mkewe, alimsema mpaka koo likamkauka, mwisho akaanza kuficha kikopo cha chumvi kwenye kapu la nguo chafu.

"Kaka yako anataka kuniachia ujane na magunia ya kupiga," aliniambia.

"Magunia utaniachia mimi," nikamjibu. Tukacheka wenyewe kama mazuzu.

Na mimi nina presha. Ila mimi dawa nameza, kwa sababu ni mwoga wa kufa. Kwenye kliniki yetu kuna nesi mmoja ana sauti ya kuita watu walio ng'ambo ya mto. Kila siku ya kliniki anasimama mbele ya benchi na kutufokea kana kwamba tumemwibia kitu. Kifua kikikubana kama umefungwa mkanda, njoo. Maumivu yakipanda shingoni, kwenye taya, mgongoni, yakishuka mkononi, hasa wa kushoto, njoo. Jasho la baridi, kichefuchefu, pumzi kukata, uchovu usio na sababu, njoo. Ninyi kina mama msikae mkingojea kifua, wengine mtachoka na kutapika tu na moyo ndio huo unakufa. Halafu huwauliza wageni: katika familia yenu, nani alifariki ghafla kabla ya uzee, kwa sababu haya mambo hutembea kwenye damu. Ilipofika zamu yangu nilimjibu kwa kiburi kabisa.

"Kwetu hakuna. Baba yangu aliuawa."

Nesi alinitazama, akasema pole sana, akaandika hakuna.

Sasa, jimu yetu iko ghorofani, juu ya duka la matairi. Ngazi zake ni kali. Nikaanza kumwona kaka anasimama katikati ya ngazi, anajifanya anasoma tangazo la pambano la zamani lililobandikwa ukutani. Akifika juu anasugua mkono wa kushoto kuanzia begani hadi kwenye kiwiko. Nikamuuliza una nini. Akasema ni pedi. Na kweli, kazi ya kocha ni kuvaa pedi mikononi na kupigwa mchana kutwa, na alikuwa na mwanafunzi mmoja, Tingatinga, jitu la miraba minne, ambaye akigonga pedi hata dirisha linatikisika. Yeyote anayeshika pedi za Tingatinga lazima mikono imuume. Ndivyo tulivyo watu wa ngumi, mwili ukilia tunajua tayari umepigwa na nani. Kifua kikimwaka moto kaka alitafuna vidonge vya kiungulia, akavuta sigara, akaendelea.

Kisha Tingatinga akaja na habari. Lile jengo jipya linalomaliziwa ng'ambo ya barabara, fundi wa vigae ni mtoto wa Mwashi. Mwashi mwenyewe yuko hai, wamerudi, wanaishi nyuma ya soko.

Kaka alivua pedi taratibu, moja baada ya nyingine, akaziweka juu ya cherehani yangu. Akashuka, akavuka barabara, akamkuta yule kijana amepiga magoti anapanga vigae. Wote waliokuwepo walimsikia. Alimwambia, kesho mchana panda ulingoni kwangu, mimi na wewe. Usipopanda nitamfuata baba yako, na safari hii nitammalizia ule mkono wa pili.

Kesho yake watu walijaa mpaka kwenye ngazi. Kaka alikuwa amekaa kwenye benchi anafungwa bendeji za mikono, na shati limeshalowa wakati hata hajaruka kamba. Rangi ya uso wake ilikuwa kama majivu.

"Kaka, unatoka jasho na hujafanya kitu," nikamwambia.

"Joto."

"Joto liko wapi? Mimi nimevaa sweta."

"Nikimalizana na huyu naenda kung'oa jino," akasema, akijishika taya. "Hili la chini linanisumbua tangu juzi."

"Tingatinga kakupiga uso?"

"Sikumbuki. Labda."

Nikasema hapana, leo hupigani, nikamshika kiganja kumfungua bendeji. Alinisukuma kwa mkono mmoja, nikarudi nyuma nikagonga cherehani kwa kiuno, shazia zikamwagika sakafuni. Wifi akaja kuniinua huku anamtukana mumewe matusi ambayo siyaandiki hapa. Kaka hakugeuka. Alikuwa anautazama mlango, kwa sababu mtoto wa Mwashi alikuwa ameshaingia.

Alikuja na nguo zake za kazi, viatu vina saruji. Kijana mrefu, kimya, mikono ya fundi. Alisimama mbele ya kaka akasema kwa adabu:

"Kocha, mimi sikuja kushindana. Nimekuja unipige umalize hasira zako, halafu uache mlango wa baba yangu."

"Vaa glavu," kaka akasema.

Kengele yetu ni rimu ya gari, inagongwa kwa spana. Kaka hakuingojea. Alimpiga yule kijana wakati bado anafungwa glavu, pua ikavunjika pale pale, nikaisikia. Nilikuwa nimesimama kwenye kona, chini ya kamba, pua yangu na turubai la ulingo vipo usawa mmoja. Turubai lile nimelishona mimi, na nililitazama likijaa damu ya mtu aliyekuwa hapigani. Kaka alimchana nyusi. Alimpiga mbavu mpaka kijana akakunjika, akamwinua kwa ngumi ya chini, akampiga sikio, akampiga tena pale pale kwenye nyusi. Watu walikuwa wanashangilia kama wehu. Mimi nilimchukia ndugu yangu mchana ule, na nilikuwa namwogopea, yote mawili kwa pamoja.

Kijana alijifunika tu. Ngumi alirusha moja, akiwa amezibwa macho na damu, ikatua kwenye kiwiko cha kaka. Moja hiyo tu. Nawaambia nilikuwa natazama, sikupepesa.

Rimu ikagongwa. Kaka akarudi kwenye kona akakaa kwenye kigoda. Nikampangusa uso na taulo, na jasho lake lilikuwa la baridi, baridi kama maji ya mtungi. Mdomo umebadilika rangi. Mkono wa kushoto ameukumbatia kama mtoto.

"Kanipiga wapi?" akaniuliza kwa sauti ndogo. "Kifua kinabana. Taya hili, mama yangu, taya linataka kung'oka."

Hapo ndipo akili ilipofunguka. Nani alimpiga taya? Nilitafuta ngumi hiyo kichwani mwangu sikuipata. Taya la kaka halikuwa limeguswa na mtu yeyote. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu niliyaona maumivu yasiyo na mwenyewe, na nikaisikia sauti ya yule nesi kama yuko nyuma ya kisogo changu.

"Kaka, usiinuke," nikasema.

Akainuka. Alipiga hatua moja kuelekea katikati, magoti yakakata, akaenda chini kifudifudi.

Halafu mtu mmoja nyuma akapiga kelele kwamba ameiona, ngumi ya kifua, ameiona kwa macho yake. Mwingine naye akaiona. Ndani ya muda wa kupumua jimu nzima ilikuwa imeiona ngumi ambayo haikupigwa. "Kamuua Kocha kama baba yake alivyomuua Radi." Ndivyo walivyosema, na wakaanza kupanda ulingoni.

Wa kwanza alimpiga kijana na kigoda mgongoni. Mwingine akampiga teke la uso akiwa amepiga magoti. Wakamvuta nywele, wakamkanyaga mikono, na mmoja akawa anapiga kelele waletewe nyundo. Tingatinga alikuwa amechomoa chuma cha kunyanyulia vyuma vizito, anakizungusha kutafuta nafasi ya kichwa. Upande wa pili vijana wawili wamemwinua kaka kwa makwapa wanamtembeza, wanamwambia jikaze Kocha, vuta pumzi, na wa tatu anamwagia ndoo ya maji.

Mkasi wangu ni wa kukatia ngozi ya glavu. Mzito, na nanoa mwenyewe. Nilipita kati ya kamba nao, na Tingatinga aliponyanyua kile chuma nilimchoma mkono, chini kidogo ya kiwiko. Mkasi ulizama. Chuma kikaanguka, kikapasua kidole cha mguu cha mtu mwingine, naye akalia. Nilisimama juu ya mtoto wa Mwashi, mguu huku mguu kule, damu ya Tingatinga inanichuruzikia mkononi.

"Atakayemgusa huyu namfungua tumbo," nikasema. "Nani kampiga Kocha taya? Nionyesheni. Nani kampiga mkono wa kushoto? Taya linamuuma tangu juzi, ngazi zinamshinda, anatoka jasho kama baba siku ile. Ni moyo. Moyo wa kaka yangu unakufa pale na ninyi mnapiga mtu asiyehusika."

Tingatinga alikuwa anautazama mkono wake kama wa mtu mwingine. "Dada, umenichoma," akasema.

"Nimekuchoma, ndiyo, na nitarudia. Ninyi, mwacheni, asitembee. Mkalisheni, mgongo ukutani. Maji ya nini? Mnamwosha?"

Walimkalisha. Alikuwa anapumua, macho wazi, mkono umeshika lile jino kwenye kamba. Wifi alishapiga simu ya gari la wagonjwa, akaambiwa lililopo limetoka na halijarudi. Gari la mwenye duka la matairi lilikuwa juu ya jeki, halina magurudumu. Nikauliza nani ana gari.

Chini ya miguu yangu sauti ikasema, "Mimi."

Mtoto wa Mwashi alikuwa anatema damu ili aweze kuongea. "Pikapu ya saiti ipo pale mlangoni. Funguo ninazo mfukoni."

Walikuwa wanamuua mtu mwenye funguo za uhai wa kocha wao mfukoni.

Tulimshusha kaka kwa benchi, amekaa nusu, Tingatinga ameshika mbele kwa mkono mmoja na taulo limefungwa kwenye ule niliomchoma. Hakuna aliyempa pole yule kijana. Alishuka mwenyewe akishika ukuta. Tukamweka kaka mbele, katikati, mimi nimemkumbatia, wifi akapanda nyuma juu ya mifuko ya saruji akawa anagonga paa la gari kwa viatu alivyovua, anawafokea watu barabarani wapishe. Kijana alikuwa anaona kwa jicho moja. Usukani ulikuwa unateleza kwa damu, akawa anapangusa kiganja kwenye suruali kila tukikata kona.

"Kanipiga wapi?" kaka akauliza tena.

"Hajakupiga."

"Kifua."

"Kaka, nilikuwa pale. Hajakupiga kifua, hajakupiga taya. Na sikiliza nikwambie. Hilo jino ulilolishika, baba aliling'oa lini?"

Akalikaza kiganjani.

"Kabla," nikasema. "Aling'oa kabla ya kupanda ulingoni na Mwashi. Taya lilikuwa linamuuma kabla, akipanda ngazi, kama wewe. Jino lilikuwa zima kwa sababu halikuwa jino. Baba alikuwa mgonjwa wa moyo siku Mwashi anamgusa, na angeanguka hata kama angebaki nyumbani."

Gari liliyumba. Kijana alilirudisha barabarani. Kaka alikuwa ananitazama kwa macho ambayo sijawahi kuyaona kwake, macho ya mtu aliyepigwa na hajajua ngumi imetokea upande gani.

"Nyamaza," akaninong'oneza.

"Sinyamazi. Na wewe usife."

Hospitali walimpokea mlangoni. Wakampa kidonge atafune, wakambandika waya kifuani, mashine ikachora, daktari akaitazama ile karatasi na kuanza kutembea haraka. Mshipa wa moyo umeziba, akatuambia, na ni vizuri hamkumlaza nyumbani mkamkanda. Halafu akauliza maswali yake upesi upesi. Presha? Ndiyo, ameacha dawa. Sigara? Ndiyo, wifi akasema, nyingi. Sukari? Hatujui. Katika familia yenu kuna aliyefariki ghafla kabla ya uzee?

Mtoto wa Mwashi alikuwa amekaa kwenye benchi la korido, nesi anamshona nyusi.

"Ndiyo," nikasema. "Baba yetu. Kwa moyo."

Nilisema kwa sauti. Nesi aliyekuwa akimshona alimwambia kijana atulie, asigeuze kichwa.

Kaka hakufa. Walimzibua, akakaa wodini akiwa mdogo ndani ya mashuka, sauti imepungua, analetewa chakula kisicho na chumvi na anakila bila kubisha. Nikawaza imekwisha. Tutaomba radhi, watasema yamepita, tutashikana mikono. Nilitaka sana tushikane mikono. Nilikwenda mwenyewe nyuma ya soko nikamweleza Mwashi yote, na la jino pia. Alinisikiliza bila kunikatiza. Mwisho akauliza kama nina hakika. Nikasema nina hakika. Akauliza tena, nikasema tena. Alisema atakuja kumwona mgonjwa.

Alikuja mchana na mwanawe, ambaye uso ulikuwa bado una rangi zote. Mzee mkavu, safi, shati limefungwa vifungo mpaka juu. Kaka alijiinua kwenye mto. Lile jino alikuwa ameshalivua, lipo juu ya kabati kando ya glasi ya maji.

"Mzee," kaka akasema. "Hukumuua baba yangu."

"Nimeambiwa."

"Ilikuwa maradhi."

Mwashi akavuta kiti akakaa.

"Mimi niliamini nimemuua," akasema. "Ndiyo maana uliponipiga sikukuomba uache. Niliona nastahili. Huyu mtoto nimemlea bila kumgusa kwa mkono huu, niliuogopa. Hata akiwa mchanga sikumlaza kifuani kwangu, nilidhani nitamuumiza na yeye. Niliamini mimi ni mtu anayegusa watu wakafa."

Kaka alianza kulia. Alisema nisamehe, mzee, yote yale yalikuwa maradhi, hatukujua.

Mwashi aliuweka mkono wa kulia juu ya shuka, mbele ya uso wa kaka. Sikuwahi kuuona kwa karibu. Vidole vilikuwa vimeungana vibaya, kimoja kimeelekea nyuma, kucha hazipo, kiganja hakifunguki wala hakifungi. Alikuwa fundi bora wa mtaa ule, na tangu siku ile hajapanga tofali.

"Baba yako alikufa kwa maradhi," akasema. "Hilo nimelielewa. Huu haukuwa maradhi. Huu uliuma miaka yote hii, unauma hata leo kukiwa na baridi, na maumivu yake yana mwenyewe."

Aliuacha pale muda. Kaka hakuweza kuutazama na hakuweza kugeuza uso. Mashine iliyokuwa kando yake ikaanza kulia kwa kasi, nesi akaja mbio akatutoa wote nje. Mzee aliondoka polepole, na kwenye korido aliuingiza ule mkono chini ya kwapa la mwanawe ili amsaidie kijana kutembea.